Mlima mfupi, siku fupi: maswali yenu ya kupanda milima Novemba

Wapendwa, maswali mliyonitumia safari hii karibu yote ni ya milima na naelewa kwa nini, majani yameshadondoka, theluji huku New England, kaskazini-mashariki mwa Marekani, mabondeni bado haijashika, mtu anaona amebakiwa na wikendi mbili tatu za kutoka kabla ya kujifungia ndani mpaka mwezi wa nne. Mimi Novemba mlimani naipenda kupita kiasi. Na ndio mwezi unaonitia hofu kuliko yote, hata Januari, maana Januari kila mtu anajua ni baridi na anajiandaa, ila Novemba mtu anatoka nyumbani jua linawaka, digrii 8, kavaa raba na jinzi, huko juu ni dunia nyingine kabisa.

Kilimanjaro nimepanda mara mbili, Mount Washington itanishinda?

*Dada habari. Mi ni mtu wa Moshi, niko Manchester hapa New Hampshire mwaka wa pili sasa. Kili nimefika Uhuru mara mbili. Tunataka na washkaji wawili tupande Mount Washington wikendi ya Thanksgiving (sikukuu ya hapa mwishoni mwa Novemba), nimecheki urefu ni mita 1,917 tu, hata nusu ya Kili haifiki. Kwenda na kurudi siku moja, haina noma si ndio? – Mchagga wa Manchester*

Kaka hongera, Uhuru mara mbili sio mchezo. Lakini msiende, sio mwezi huu, na nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujawaambia wenzako kuwa dada muoga.

Unalikumbuka geti la Marangu? Pale mnapojiandikisha na kulipia, wapagazi wanapima mizigo? Lile geti liko mita 1,800 na ushee. Yaani kilele cha Mount Washington kinakaribia kulingana na pale ulipokuwa umesimama na fulana yako, migomba nyuma, msitu mbele, safari hata haijaanza. Sasa huku msitu unaishia kwenye mita 1,300 na kitu hivi. Ukishapita hapo ni mawe matupu, hakuna mti wa kujibanza, na mlima wenyewe umekaa pale ambapo dhoruba za kutoka pande tofauti zinakutana, upepo wa magharibi ukiikuta ile safu ya milima unabanwa unaongeza kasi. Tarehe 12 Aprili 1934 watu wa kituo cha hali ya hewa pale kileleni walipima upepo wa kilomita 372 kwa saa, ikawa rekodi ya dunia mpaka kimbunga cha Australia kilipoivunja mwaka 1996. Sawa, ile ni siku moja, ila siku zaidi ya 100 kila mwaka upepo pale unafika kasi ya kimbunga, kilomita 120 kwa saa, na upepo huo hutembei kaka, unatambaa. Piga hesabu ndogo tu: digrii 10 chini ya sifuri na upepo wa kilomita 60 kwa saa, ngozi yako inapoteza joto kama vile ni digrii 23 chini ya sifuri. Na hiyo kwa Novemba kule juu ni siku ya kawaida. Tangu 1849 watu zaidi ya 150 wamekufa kwenye safu ile, na wengi hawakuwa wajinga.

Halafu kuna jambo tunalisahau sana sisi tuliopanda Kili. Kule hukupanda peke yako. Sheria inakutaka uwe na mwongozaji, wapagazi wamebeba hema na maji, mpishi kakupikia uji, mwongozaji kila jioni anakuangalia macho anakuuliza kichwa kinauma, umekula, na kama ungeanza kuyumba pale Gilman's Point karibu na kilele yeye ndiye angesema basi tunashuka, ungelia, ungemtukana, mngeshuka tu. Uamuzi wa kugeuka ulikuwa wake. Huku hakuna geti, hakuna daftari, unapaki gari unaanza kupanda, na hakuna binadamu hata mmoja atakayekuambia geuka. Kwa hiyo hiyo kazi ya mwongozaji inabidi uifanye mwenyewe, na uifanye nyumbani, mezani, ukiwa na akili timamu, maana ukishakiona kilele kiko karibu huwezi tena kujiamua vizuri.

Nakuambia kwa sababu yalinikuta. Mwaka wangu wa tatu huku, Novemba, nilienda Moosilauke, mita 1,464, peke yangu, nimeanza saa tano asubuhi kwa sababu nilikuwa na mambo mengine ya kufanya kwanza. Mimi nimekulia Lushoto, nikajiona baridi naijua, mwezi wa saba kule si tunavaa masweta. Kileleni nimefika saa nane na nusu mchana, nikakaa nikapiga picha, nikaona jua bado lipo. Saa kumi na nusu niko msituni na giza limeshaingia. Tochi ya kichwani ilikuwa na betri za mwaka jana, iliwaka kama kiberiti ikazima. Simu ilionyesha asilimia 40 ikazima pia kwa baridi. Nilishuka nimekaa kitako, nashika mti huu, nasogea, nashika mwingine, fulana ya ndani ya pamba imelowa jasho imeganda mgongoni, na sehemu ambayo kupanda ilinichukua saa moja kushuka ikanichukua karibu saa tatu. Gari nililipapasa kwa mikono. Tangu siku ile nina saa ya kugeuka, naiandika kwenye karatasi kabla sijatoka nyumbani, na ikifika nageuka hata kama kilele nakiona kwa macho.

Mwisho wa Novemba jua kule kaskazini linazama saa kumi na dakika kama kumi jioni (simu yako itakuandikia kama 4:10). Kwa hiyo mlima wowote utakaopanda mwezi huu anza saa moja asubuhi, na saa sita mchana ugeuke popote ulipo. Usidhani kushuka ni haraka, kwenye barafu kushuka kunaweza kuchukua muda uleule wa kupanda, magoti yashachoka na mguu huuamini.

Mkitaka kutoka wikendi ile nendeni Monadnock, haiko mbali na Manchester, mita 965, njia ya White Dot ni kama kilomita 3 kwenda juu. Msiidharau. Juu kule ni mwamba mtupu, mioto ya karne ya 19 iliunguza miti na udongo ukaondoka, kwa hiyo upepo mtauonja vizuri na mkishindwa mko karibu na gari. Washington ipandeni mwezi wa saba au wa nane. Na siku mkitaka kuipanda wakati wa baridi, lipeni waongozaji, wapo wengi maeneo ya North Conway, hata sisi kwetu si ndio tunavyowaambia wazungu.

Jambo la mwisho, ile apu ya hali ya hewa kwenye simu inakupa hali ya mji ulioko bondeni. Soma utabiri wa vilele unaotolewa na Mount Washington Observatory, ni bure, uko kwenye tovuti yao, unakupa upepo na baridi ya juu kabisa. Ukikuta upepo wa kilomita 80 kwa saa, kaeni nyumbani mle pilau.

Watoto wanataka mlima, nguo za bei sina

*Mama shikamoo. Natokea Uvira, sasa tuko Lewiston, Maine, na watoto watatu, mkubwa ana 12. Shuleni wenzao wanaenda milimani, nao wananisumbua. Nikiangalia madukani jaketi moja dola 200. Na mimi navaa hijabu, sijui kama itanisumbua. – Mama wa watatu*

Marahaba mama, na karibu sana. Usinunue jaketi la dola 200. Kitu unachotakiwa kukijua ni kimoja tu, pamba ikilowa haikupi joto, inakunyonya. Jinzi ni pamba, fulana nyingi ni pamba, soksi nyeupe za pakiti ni pamba, zile sweta zenye kofia watoto wanazozipenda nyingi ni pamba. Mtoto anapanda anatoka jasho, anasimama kunywa maji, lile jasho linageuka barafu juu ya ngozi. Wewe nenda maduka ya mitumba, geuza kilebo cha ndani usome: ukiona poliesta au sufu, chukua. Fulana za kuchezea mpira za watoto ni poliesta, hizo hizo zinafaa kuvaa ndani kabisa. Juu yake sweta la flizi au la sufu, hata la bibi, hata lina tundu. Juu kabisa koti lolote la mvua linalozuia upepo. Hizo nguo tatu kila mtoto kwa mitumba unaweza kumaliza kwa dola 20, na pesa iliyobaki weka kwenye viatu na soksi za sufu, hapo ndipo pa kutoa pesa.

Anzeni kutembea mkiwa mnasikia baridi kidogo, najua kwa mama wa kwetu hii ni ngumu, unataka mtoto afungwe mpaka puani, lakini ukimfunga hivyo dakika kumi tu kalowa jasho. Sweta nene libaki kwenye begi, livaliwe mkisimama. Glavu bebeni jozi mbili kila mtu, watoto watashika theluji, hiyo huwezi kuizuia.

Hijabu, binti wa rafiki yangu anavaa ile ya michezo ya kitambaa chepesi kinachokauka haraka, na kofia ya sufu juu yake, na shingo imeshafunikwa tayari, kwa kweli mna nafuu kuliko sisi. Ya pamba iache nyumbani siku hiyo.

Mlima wa kuanzia uko karibu nanyi, Bradbury pale Pownal, mita 148, hata wa miaka mitano anafika juu na mnarudi kula mchana nyumbani. Beba chai ya maziwa yenye tangawizi kwenye thamosi. Mtoto akipewa chai ya moto juu ya mwamba huo mlima hausahau.

Maikrospaiki, krampon, au fimbo tu?

*Niliteleza Mount Major kwenye majani, hata barafu sikuiona, mkono ukateguka. Ninunue nini?*

Pole sana. Hiyo ndio Novemba yenyewe, majani makavu juu, chini yake barafu nyembamba, huioni mpaka uko chini. Njia nyingi za milima ya huku ni za zamani na zinapanda moja kwa moja, hazizungukizunguki, kwa hiyo maji ya mvua yanazitumia kama mfereji, usiku yanaganda, mchana yanatiririka juu ya yale yaliyoganda, usiku yanaganda tena, baada ya wiki mbili una barafu nene kwenye njia wakati pembeni msituni ni pakavu. Januari theluji inafunika, watu wanaikanyaga inashindiliwa, unatembea vizuri kuliko sasa.

Nunua maikrospaiki, vile vya mpira wenye minyororo na meno mafupi ya chuma unavyovalisha juu ya buti, vipo vya dola 30 mpaka 80 hivi, vibebe kila safari kuanzia mwisho wa Oktoba hata kama pale unapopaki ni pakavu. Na vivae MAPEMA. Watu wanasubiri mpaka waanguke ndio wanavitoa kwenye begi. Krampon zenye meno marefu ni za miteremko mikali ya barafu ngumu, zinaendana na shoka la barafu na mafunzo, bila mafunzo utajichoma mguu mwenyewe. Fimbo mbili zinasaidia sana kuvuka vijito, yale mawe ya mtoni Novemba yanakuwa na barafu kama kioo, mimi hapo hata spaiki siziamini, nikiona mawe yanang'aa natafuta pengine au narudi.

Maji yanaganda, simu inazima

Hili mmeuliza wanne. Chupa ipindue, mdomo uangalie chini, maji yanaanza kuganda juu kwa hiyo mdomo utabaki wazi. Yale mabegi ya maji yenye mrija yaache, mrija unaganda kwanza. Weka maji ya moto, chupa ivalishe soksi ya sufu. Simu ikae mfuko wa ndani karibu na mwili na uizimie intaneti, tochi weka betri mpya za lithiamu, zile zinavumilia baridi, na ramani ya karatasi pia. Chakula, chokoleti inakuwa jiwe, mi nabeba chapati nimepaka siagi ya karanga na asali, nimeikunja iko ndani ya jaketi, inakuwa laini mpaka jioni.

Bunduki

*Tulisikia milio ya risasi tukiwa njiani, tukarudi mbio. Ni salama?*

Ni msimu wa kuwinda kulungu, Novemba ndio kilele chake, New Hampshire na Maine pia. Wawindaji wana haki ya kuwa pale kama nyie. Vaeni vizibao na kofia za rangi ya chungwa inayong'aa, vya dola chache tu, na msivae kahawia wala nyeupe, mkia wa kulungu wa huku ni mweupe kwa chini, glavu nyeupe ikipepea kwenye kichaka inaweza kumdanganya mtu. Ongeeni kwa sauti. Maine Jumapili ni marufuku kuwinda, kwa hiyo walioko kule siku yenu ni Jumapili.

Rafiki yangu alianza kuongea kama mlevi

*Dada, tulikuwa Franconia Ridge mwezi uliopita mwishoni, watu watano kutoka Portland. Mmoja wetu alikuwa anatetemeka sana, baadaye akaacha kutetemeka tukafurahi tukajua kapata nafuu. Akawa anaongea hovyo, hataki kugeuka, anasema tumwache apumzike. Tulimshusha kwa nguvu. Mpaka leo sijaelewa ilikuwa nini na vidole vyake bado vina ganzi.*

Nimesoma barua yako nikasimama nikazunguka chumbani. Mlimwokoa, sikia, kukataa kumwacha pale ndiko kulimwokoa. Ile njia ya juu ukitoka kilele cha Little Haystack mpaka cha Lafayette, mita 1,600, iko wazi yote, upepo unakupata kwa pande zote, na mtu akilowa pale joto la mwili linashuka haraka sana.

Mwili ukipoa kidogo unatetemeka, huko ni kujipasha moto wenyewe, ni dalili kwamba bado una nguvu. Ukizidi kupoa mtetemo unakata, na hapo ndipo hatari inaanza, sio nafuu. Dalili zinakuja mapema kabla ya hapo ukizijua: anajikwaa, anaangusha vitu, zipu inamshinda, maneno yanaburuza, ananuna bila sababu. Na ubongo ukipoa mtu anakuwa mbishi, anakuambia yuko sawa, anaweza hata kuvua jaketi. Kwa hiyo mkiwa kundi, maneno yake hayahesabiki tena, mnaangalia mikono na miguu yake. Kama bado anameza vizuri mpeni kitu cha moto chenye sukari na chakula, mkingeni upepo, vueni kilicholowa mvalisheni kikavu, mkalisheni juu ya begi sio juu ya jiwe, halafu shukeni. Pombe hapana. Akiacha kutetemeka au akianza kusinzia, pigeni 911 (namba ya dharura), msimlazimishe kutembea, mfungeni kwenye kila mlicho nacho, mumguse taratibu, moyo uliopoa hautaki misukosuko.

Vidole, mpeleke kwa daktari wiki hii, tafadhali. Na hapa niseme kitu ambacho hatuambiwi. Tafiti za jeshi la Marekani na la Uingereza zimeonyesha wanajeshi wenye asili ya Afrika wanaumizwa na baridi mikononi na miguuni zaidi ya wenzao weupe, hata wakiwa wamekaa baridi ileile. Halafu vitabu vingi vinakuambia tazama ngozi nyekundu au nyeupe, sisi wekundu hatuuoni! Kwenye ngozi yetu tafuta kijivu, kama majivu au nta, sehemu imekuwa ngumu, haina hisia. Ikiacha kuuma ghafla ndio uogope. Kidole kiweke kwapani, cha mwenzako kiweke tumboni kwako, usikisugue, na usikipashe moto kama kuna uwezekano wa kuganda tena njiani, kitaharibika zaidi.

Nikipotea nani analipa?

*Naogopa kupiga 911 nisije nikaletewa bili ya helikopta. – Kijana wa Concord*

Wengi mnaogopa hivi na mnakaa kimya mpaka giza linaingia. New Hampshire uokoaji unafanywa na idara ya Fish and Game (samaki na wanyamapori) pamoja na watu wanaojitolea, na kweli sheria inairuhusu serikali kukudai ikionekana ulifanya uzembe. Kuna kadi inaitwa Hike Safe Card, dola 25 kwa mtu mmoja, 35 kwa familia kwa mwaka, ukiwa nayo hudaiwi kwa uzembe wa kawaida, ila ukifanya mambo ya makusudi ya hatari haitakulinda, na pesa yake inaenda kwenye uokoaji. Nunua hata kama hutapotea. Na ukiwa na shida piga mapema, saa nane mchana wakati kuna mwanga, usisubiri saa mbili usiku.

Kabla hujatoka acha karatasi nyumbani, sio meseji tu: njia gani unapanda, ipi unashukia, gari lako rangi gani na umelipaki wapi, jaketi lako rangi gani, saa ya kugeuka. Na saa ambayo ikipita hujapiga simu, aliyeko nyumbani anapiga 911 bila kukuuliza na bila kukuonea aibu. Yangu iko kwenye friji kila nikitoka, imeandikwa saa moja na nusu usiku, na mume wangu siku moja alipiga 911 kweli, mimi niko kituo cha mafuta nimesahau tu kumpigia simu, waokoaji wakaja kunikuta pale nikawaomba msamaha, na jumamosi iliyofuata nikaiandika tena ileile saa moja na nusu.